Hodi Kwanza, Ndipo Uvute

Chumba cha mbele, kwa mama yako,
Nyumba inayotazamana na karakana ya seremala.
Jumapili, tarehe 9 Machi, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Pokea salamu zangu, na ukiona bahasha imebandikwa stempu mbili ujue moja ni ya barua na nyingine ni ya salamu. Natumai u mzima wa mwili na moyo, unakula, unalala, na yule msimamizi wenu wa wodi aliyenuna tangu siku uliyofika amepata japo jambo moja la kumchekesha. Na mgongo je? Uliandika kwamba kuwainua wagonjwa kunakukata kiuno. Inua kwa magoti, mwanangu. Mimi ujanani nilimtoa ng'ombe shimoni pamoja na ndama wake, kwa mpigo mmoja, na mgongo wangu mpaka leo umenyooka kama rula, kwa sababu nilitumia magoti. Magoti yenyewe ndiyo yananisumbua kidogo siku hizi, lakini hayo tuyaache.

Sisi huku hatujambo. Mama yako mzima, presha imetulia, sauti bado.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika salama. Mama yako alinipa niisome kwa sauti kwa sababu miwani yake ilikuwa imepotea, na ilikuwa kichwani kwake, lakini mimi sikusema kitu maana napenda kusoma. Nikasoma salamu, nikasoma habari za chumba ulichopanga, nikageuza ukurasa, nikafika mstari wa saba: “Mama, ule msumeno wa baba mpe tu seremala, mjomba ataumaliza.” Niliusoma kwa sauti ileile. Sikuruka neno. Kisha nikainua kikombe nikanywa chai, na chai ilikuwa imeshaisha.

Sikukasirika, mpwa wangu. Nilinuna siku nne tu, basi. Leo nakujibu mstari wa saba. Kaa vizuri.

Ule msumeno wa mnyororo unaujua. Ni ule wa rangi ya machungwa iliyofifia, ambao marehemu baba yako aliutundika stoo kwenye msumari wake peke yake, na hakuna kitu kingine kilichoruhusiwa kutundikwa pale, hata kofia. Shemeji yangu alikata nao miti ya mtaa mzima, na nani alikuwa akimshikia magogo? Mimi. Miaka kumi na miwili nimemeza vumbi la mbao jingi kuliko unga wa ugali. Kwa hiyo alipotutoka, nikasema kimoyomoyo mashine hii sasa ina mtu wake. Ila kuiwasha sikuwahi kuiwasha, maana yeye hakumpa mtu mwingine aishike. Aliiinamia, akatupa mgongo, tukasikia imeunguruma. Hatukuona alichofanya.

Mwezi wa Desemba nikaijaribu. Hapo ndipo yalipoanza maneno yaliyokufikia huko.

Sasa sikia. Ubavuni mwa mashine pana kijiti kidogo cha kusukuma, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: CHOKE. Mimi shule niliachia darasa la tano, kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, lakini kusoma najua, na neno lile nililisoma bila kigugumizi. Choke. Yaani mtu achoke. Nikasema hawa waliotengeneza mashine ni watu wakweli, hawakufichi, wanakwambia mapema kwamba kazi hii ni ya kuvuta mpaka uchoke. Silabi ya mbele wameisahau, lakini ni wageni, tuwasamehe. Basi nikasukuma kijiti mpaka pale kwenye CHOKE, nikakiacha palepale, nikashika kamba, nikavuta mpaka nikachoka. Nilivuta mara mia moja na kumi. Mara ya mia moja na kumi na moja kamba ikabaki mkononi na mashine ikabaki chini, kila mtu na njia yake.

Niliitengeneza mwenyewe kwa kamba niliyoiona haina kazi. Baadaye ikaonekana kazi ilikuwa nayo, ilikuwa ya mama yako ya kuanikia nguo. Mashuka yalikauka juu ya ua wiki nzima, na mimi nilikula chakula kimya wiki nzima.

Hayo yangeishia hapo kama si upepo wa Jumanne.

Jumanne iliyopita, saa nane mchana, upepo ulikuja ambao sijauona tangu nizaliwe, na nilizaliwa siku ya upepo. Uliokota ndoo ya jirani ikiwa na maji ndani na kuiweka kwetu bila kumwaga. Na ule mkaratusi wa nyuma ya nyumba, ambao watu wanne wakishikana mikono hawaumalizi kuuzunguka, ukang'oka na mizizi yake ukalala. Haukumgusa mtu, tunashukuru. Lakini ulilala pale pasipotakiwa, mbele ya mlango wa chumba cha tanuri, umeubana kama mtu aliyeegemea mlango makusudi. Na mlango ule, unakumbuka, unafungukia nje. Dirisha la tanuri nalo lina nondo. Tanuri ndani, mama yako nje.

Wewe unajua tanuri lile ni nini kwa mama yako. Mikate ya chuo cha ufundi anaioka tangu ukiwa darasa la nne, na tangu baba yako aondoke ndiyo kazi inayomfanya aamke na kuvaa. Jumatano asubuhi mtunza stoo wa chuo akaja, akautazama mti, akamwambia kwa upole kwamba anasikitika sana, ila wanafunzi Jumatatu watakula mkate, na kama si wake utakuwa wa mwoka mikate wa kule sokoni, na mtu akishaanza na wa sokoni kumrudisha ni kazi. Mama yako akasema ameelewa. Akaingia ndani. Hakupandisha sauti, na mimi hapo ndipo nilipoogopa.

Nikautoa msumeno stoo. Majirani wakakusanyika, seremala mbele yao. Nikasukuma kijiti, nikavuta. Mara ya thelathini hivi kamba ya nguo ikakatika, nami nikaenda kinyumenyume hatua sita na kumkalia seremala tumboni.

Seremala si mtu mbaya, nakubali. Lakini ana ulimi. Alijikung'uta, akasema kuanzia leo jina langu ni Bwana Kamba, na watu wakacheka mara mbili, kwa kuwa wanajua mimi na hadithi zangu, na kamba wanayoisema ni ya uongo, si ya kufungia mbuzi. Kisha akamgeukia mama yako akaongea kama mtu mzima. Kwa shoka, mti huu ni wiki nzima. Yeye atauchukua msumeno, ataununulia stata mpya, kile kifaa cha kamba cha kuwashia, atakata mti Jumamosi, na baada ya hapo mashine ibaki karakanani kwake, ambako itafanya kazi badala ya kuuawa. Alisema hata wewe bintiye umeandika hivyo hivyo. Mama yako alikuwa amempa barua yako aisome, Sindano. Mstari wa saba umezunguka mtaa.

Mama yako akanitazama. Akasema Jumamosi saa sita. Isipowaka mkononi mwangu mpaka saa sita, seremala aichukue na msumari wake.

Basi Alhamisi nikaifunga mashine kwenye gunia, ili mtu asijue ninabeba nini, na kila niliyekutana naye akaniuliza msumeno unaendeleaje. Nikaenda kwa yule fundi wa pikipiki wanayemwita Bibi Spana, mwenye kontena nyuma ya kituo cha mafuta. Mwanamke mwembamba, mikono imejaa grisi mpaka kwenye kiwiko, hana salamu ndefu. Akanusa mashine kabla hajaigusa. Akauliza nani aliyeizamisha kwenye petroli. Nikamwambia hali ya hewa. Akafungua kifuniko cha stata, akavuta kipande cha kamba, akakitazama kwenye mwanga.

“Hii ni ya kuanikia nguo,” akasema.

Akaniambia nimwonyeshe ninavyoiwasha, hatua kwa hatua, nisiongeze chumvi. Nikamwonyesha. Nilipofika kwenye kijiti akanisimamisha akaniuliza pale pameandikwa nini. Nikamsomea. Akauliza maana yake. Nikamweleza, na silabi iliyosahaulika nikamweleza.

Bibi Spana akaweka spana chini taratibu, akaenda nyuma ya kontena. Nikaona mabega yake yanatikisika. Alikaa huko muda wa kuchemsha yai. Aliporudi uso ulikuwa mkavu, lakini macho yalikuwa mekundu.

“Hiyo ni choki, mzee wangu,” akasema. “Inaibana mashine hewa ili ipate petroli ya kuamkia ikiwa baridi. Ikikohoa mara moja tu, unaiondoa. Ukiiacha hapo unainywesha mpaka inazama. Anayechoka ni wewe peke yako.”

Nimekaa na mashine ile miaka kumi na miwili, mpwa wangu, na hilo sikulijua.

Kisha akanionyesha tumbo la stata. Ndani mna springi imejikunja kama konokono, ndiyo inayoirudisha kamba. Mna gurudumu ambalo kamba inajizungushia. Na mna vijino viwili vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, ambavyo vinatakiwa kushika injini ndipo injini izunguke. Kumbe ninaponyakua kamba kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu unazijua, vijino havijawahi kushika bado. Mshtuko wote unakula kamba na vijino. Akasema kosa langu ni dogo, ni kosa la adabu.

“Unaingia kwenye nyumba ya watu bila hodi,” akasema. “Vuta polepole kwanza, hiyo ndiyo hodi. Utasikia imekuwa nzito, imekataa kidogo mkononi. Hapo imekwambia karibu. Ndipo uvute kwa nguvu.”

Na ukishaingia, akasema, usiende mpaka chumba cha kulala. Kamba haivutwi mpaka mwisho wake. Urefu wa mkono unatosha, ukizidisha unaing'oa springi. Uvute ikielekea juu, inyooke kutoka kwenye tundu lake, maana ukiivuta upande inajisugua kwenye ukingo mpaka inachanika nyuzi. Na ukitoka usiubamize mlango, yaani kishikio usikiachie kiruke chenyewe, kisindikize kwa mkono mpaka kifike kwake. Mimi nilikuwa nakiachia, mpwa wangu, nikiona ndiyo fahari, kile kishindo cha tap.

Akatoa plagi, akaikausha, akatia kamba mpya ya kazi hiyo. Nilipomwona anatafuta na kishikio kipya nikamzuia. Kile cha zamani ni cha baba yako, kimelika upande mmoja kwa kidole chake cha kati, ukikishika kidole chako kinatumbukia palepale. Akakitazama, akaifunga kamba mpya kwenye kishikio kilekile, na fundo akalifanya mara mbili.

Kisha, bila kuirudisha plagi, akanivutisha. Mara ishirini, yeye amekunja mikono. Hodi, karibu, vuta, sindikiza. Mara ya nne niliachia kishikio, akanitazama tu, nikaanza kuhesabu upya mwenyewe. Mara ya kumi hivi nikaisikia, Sindano. Kule kukataa kidogo mkononi. Ni kama unapomshika mtoto mkono kuvuka barabara naye anakushika. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Naye Bibi Spana akasema haya, nenda.

Jumamosi saa tano na nusu uani kwetu palijaa. Wapo wanaosema walikuwa watu hamsini, mimi nasema mia tatu, na wengine juu ya ukuta. Seremala alikuja na kipande cha kamba ya nguo mfukoni, kimening'inia nje nikione. Akaniuliza mbele ya watu kama namhitaji asimame nyuma yangu nipate pa kukalia. Mama yako hakutoka. Alikuwa jikoni, dirisha wazi, anachekecha unga. Alisema anapitisha muda tu. Lakini unga aliochekecha ulikuwa wa mikate mia mbili, nami niliuona, nikajua ameniweka rohoni.

Nikaiweka mashine chini, mahali tambarare, mnyororo haugusi kitu. Nikasukuma breki mbele. Mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umebana mpini wa juu. Kijiti kwenye CHOKE, na safari hii tulikuwa tunaelewana mimi na neno lile. Nikashika kishikio cha baba yako. Mtu mmoja akapiga mluzi.

Nikapiga hodi. Ikasema karibu. Nikavuta. Kimya. Nikakisindikiza kishikio polepole mpaka kwake. Watu wakaanza kuguna, seremala akakohoa makusudi.

Hodi ya pili. Karibu. Nikavuta, na mashine ikakohoa. Kikohozi kimoja, kikafa. Watu wakasema aaah. Hapo, mpwa wangu, yule mimi wa Desemba angeendelea kuvuta mpaka jioni. Mikono ilitaka, nakiri. Lakini nikaizuia, nikainama, nikaondoa choki. Nikamwona seremala ameacha kutabasamu, kwa sababu yeye mwenyewe hilo hakulijua, nilimsoma usoni.

Hodi ya tatu.

Iliwaka. Ndege waliokuwa kwenye mabati ya mtaa mzima waliruka, na wengine nasikia hawajarudi. Nilibana mafuta ikanguruma ile sauti yake, sauti ile yenyewe, miaka miwili hatujaisikia hapa nyumbani. Nikaachia breki, nikaweka mnyororo kwenye gogo, unga wa mbao ukaruka mweupe kuelekea jikoni. Na kutoka jikoni mama yako akapaza sauti, kama alivyokuwa akipaza siku zote:

“Baba Sindano, usiniletee vumbi kwenye unga!”

Lilimtoka tu. Mimi nikapunguza mafuta. Uani hakuna aliyesogea. Seremala akavua kofia, akaishika mbele yake. Mama yako alikuwa amesimama dirishani na chekeche mkononi, mdomo ameuziba kwa kiganja chenye unga.

Mimi maneno huwa hayanipungui, wewe unanijua. Pale yalipungua. Nikamwambia tu, “Dada, funga dirisha.”

Akalifunga. Nikarudi kwenye gogo. Sikuwa nimemaliza kipande cha kwanza nilipoinua macho, nikaona amelifungua tena, lote, mpaka mwisho, amesimama palepale vumbi likimwingilia.

Saa nane mlango wa tanuri ulifunguka. Nilikata vipande kumi na saba, na seremala, nampa haki yake, aliviburuta vyote hadi ukutani bila kuombwa. Alipomaliza akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini ile ya kuvuta polepole kwanza inakuwaje. Nikamfundisha. Mara tano hivi aliachia kishikio kikaruka, nami kila mara nikamtazama tu, nimekunja mikono. Sasa jina langu mtaani ni Bwana Hodi. Na kile kipande cha kamba ya nguo alimrudishia mama yako, ameunganisha na vingine, mashuka yamerudi juu.

Leo asubuhi tanuri limewaka. Ninapoandika, nyumba yote inanukia mkate, na kesho mtunza stoo atakuja kuchukua mia mbili yake akute mlango u wazi. Msumeno umerudi stoo, kwenye msumari wake. Nimeufuta mafuta na kishikio nimekiacha kama kilivyo. Ukija likizo utakishika, uone kidole chako kitaingia wapi. Wewe una mkono wa baba yako.

Kwa hiyo mstari wa saba naomba uufute. Chukua kalamu uufute kweli, hata kama barua yenyewe iko huku.

Seremala anakusalimu, anasema hana kinyongo. Bibi Spana, ambaye hamjuani, anakusalimu pia, na ameuliza kama huko hospitalini mna jenereta ya kuvuta, maana una jamaa wa kuiwasha. Shangazi yako anakusalimu, na dada zake wote wawili. Msalimie huyo msimamizi wako mwenye kununa, mwambie ana mjomba huku.

Mungu akulinde, akupe wagonjwa wanaopona, na kila mlango utakaopiga hodi ukujibu upesi.

Nampa mama yako barua hii aipitie kabla sijaibandika bahasha. Anasema lazima aihakiki.

Mimi mjomba wako, nikupendaye kwa mikono yote miwili,
Bwana Hodi.

Mwanangu, miwani nimeipata. Mti ulikuwa wa kukumbatiwa na watu wawili, na uani hawakufika ishirini. Lakini alivuta mara tatu tu, nilihesabu dirishani. Msumeno unabaki. — Mama.